Blanketi la Bibi wa Hirbadaw

Nilitoka Songea kwa basi, nikalala Iringa, nikalala tena Dodoma, na siku ya tatu nikashushwa Katesh huku upepo wa mlimani ukinipiga kifuani. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kuacha kazi mbili. Niliyeelekezwa kwake alikuwa fundi mkuu wa duka la vitambaa, mama mmoja mkali, mwenyeji wa hapo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hilo shati umelivaa au limekuvaa?" Akaligusa. "Nailoni. Ndiyo maana unatoka jasho na huku unatetemeka."

Siku hiyohiyo alinifundisha. Unachomoa nyuzi mbili pembeni mwa kitambaa, unazichoma. Pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Sufu, yaani manyoya ya kondoo, hunuka nywele, na moto wake hujizimikia. Nailoni huyeyuka, ikaganda tone gumu. Shuka la mtoto liwe la pamba, kwa sababu hunywa jasho. Blanketi la mzee anayelala karibu na moto liwe la sufu, ili cheche ikidondoka lisiyeyukie mwilini.

Baadaye nilihamishiwa tawi la Nangwa, kisha Mogitu, chini ya meneja aliyetaka wateja wahudumiwe chapuchapu. Hilo halikunisumbua. Kila basi lililopita barabarani nililisindikiza kwa macho.

Mogitu ndiko walikokuja wazee wa upande wa bwana harusi, wakiongozwa na mshenga. Walitaka blanketi la sufu la kumpelekea bibi wa binti, kule Hirbadaw. Nikashika pembe ili nichomoe uzi.

"Wee kijana!" mshenga akafoka. "Zawadi ya bibi unaitia moto kabla hajaiona? Unamtakia nini?"

Kwao ulikuwa mkosi. Lebo ilisema sufu, meneja akanikonyeza, nikauachia uzi. Nikakata ukingo uliozidi, nikashona utepe, wakaondoka wakiimba.

Kesho yake asubuhi, nikifagia, niliokota kipande cha ule ukingo. Nikakichoma. Kikayeyuka na kuning'ang'ania kidoleni.

"Limeshakuwa blanketi la watu," meneja alisema. "Ukienda kuwaaibisha mbele ya wakwe zao, usirudi hapa."

Nilizunguka dukani mpaka saa nne, nikikunja vitambaa vilivyokwisha kukunjwa. Kisha nikachukua blanketi langu la sufu kitandani, nikakodi bodaboda mpaka Hirbadaw.

Bibi alikuwa ameketi kando ya mafiga, blanketi jipya mabegani. Wazee walikuwa wamelala hukohuko, bado wanakunywa chai. Nilimwamkia, nikapiga magoti, nikaeleza yote: kosa ni langu, si la wageni wake.

Mshenga alisimama. "Umetuvua nguo!"

"Kaa, mshenga," bibi akasema. "Anayevuliwa ni mimi, na sijalia." Akalivua, akalipokea langu, akalinusa. "Hili lina harufu ya mtu."

"Ni langu, bibi. Ni kuukuu, lakini ni sufu."

"Basi limeshajaribiwa. Lile jipya apewe mshenga. Ila auchunge mdomo wake, ndio wenye cheche."

Wote walicheka, mshenga akawa wa mwisho.

Niliporudi Mogitu nilikuta begi langu limewekwa nje. Nikaenda Katesh kumuaga fundi mkuu.

"Kaa hapa na mimi," alisema bila kuinua macho kwenye cherehani. "Nitaongea na tajiri. Wewe ni fundi, tatizo lako ni miguu."

Ningeweza kukaa. Sasa nimepita arobaini, nimeuza vitambaa miji mingi na kazi yenyewe nimeiacha, na bado najiuliza kwa nini sikukaa. Gari la Mbulu lilikuwa linapiga honi, nikapanda.

Tulipokuwa tukipanda milima, baridi iliingia dirishani. Nikatafuta begini cha kujifunika, nikakumbuka kilipo, na kwa mara ya kwanza siku ile nikatulia.