Banio Tulilolificha

Siku mama aliponyang'anywa jembe, nilikuwa nimepiga magoti kando ya barabara, Dubai Investments Park, naziba mpira wa maji uliotoboka. Mipira ile hudondoshea maua ya njiani tone moja moja mchana kutwa, na ukipasuka mmoja arbab, bosi wetu, hupiga simu kabla tope halijakauka. Tangu nianze kazi ile, maua hayajakosa maji hata siku moja.

Mama alikuwa ametuma ujumbe wa sauti kutoka kijijini. Walikwenda msaragambo, kazi ya kijiji kizima ya kuzibua mfereji kabla ya mvua, kama kila mwaka. Walikuwa wakipanda kwenda kwenye banio, pale tunapokinga maji ya mto, ila safari hii kulikuwa na askari wapya wa hifadhi. Wakawarudisha njiani na kuchukua majembe yote. Ndiva, bwawa letu la kulimbikiza maji, limebaki tope. Zamu ya maji ya shamba lake ni Ijumaa, na tangawizi imeshaanza kukunja majani.

"Mwanangu, tuliwaonyesha kibali," alisema. "Wakatuambia kibali ni cha maji, si cha msitu."

Nilirudia sauti ile mara nne. Kibali chenyewe nakijua. Niliacha shule kidato cha pili, lakini karatasi ikipita mbele yangu lazima niisome, na ile niliisoma mpaka mihuri. Ofisi ya maji inaturuhusu kutumia mto ule. Serikali hiyo hiyo, kwa ofisi nyingine, inasema mtu asikanyage msitu mto unamopita. Basi maji tuyachukue kwa macho?

Mkenya ninayelala naye chumba kimoja, mlinzi wa ghala ng'ambo ya barabara, alikuja tule pamoja kwenye kivuli cha ukuta. Nikamsimulia kwa hasira hadi wali ukapoa. Akaniuliza ni nani hao waliochora mpaka bila kuuliza wenyeji.

"Waliuliza," nikasema. "Waliniuliza mimi."

Akaacha kutafuna. "Buda, ukawaambia nini?"

Ilikuwa kabla sijaja Dubai. Nilikuwa nimerudi kutoka machimboni, sina kazi, na napenda kufuata watu wenye vifaa. Wapima mipaka walipokuja nikawabebea vigingi vya saruji, nikachungulia kwenye darubini yao, nikawauliza maswali mpaka wakanichoka. Siku ya tatu wao ndio wakaniuliza: mfereji wenu unaanzia wapi, tuuache nje ya hifadhi? Nikawapeleka ndivani, nikasema unaanzia hapa. Kwetu mgeni haonyeshwi banio. Hata mwanamke aliyeolewa kutoka kijiji cha pili hukaa miaka kabla ya kupelekwa, maana tumelelewa tukiambiwa kwamba anayelijua anaweza kulifunga. Wazee walinikumbusha asubuhi ile, na jioni wakanisifu. Kigingi kilichimbiwa hatua chache juu ya ndiva. Banio likabaki msituni, na kwenye ramani halipo.

"Kwa hivyo ni wewe ulimfungia mamako maji," Mkenya akasema. Hakucheka. Afadhali angecheka.

Nikampigia mama. Akaniambia Jumatatu maofisa wa maji na wa hifadhi watakuja wote, na wazee wameshaapa kwamba banio halitatajwa. Watawapeleka ndivani tena. Tena! Nikamwambia kwa sauti ya juu kwamba huo ni wendawazimu, kwamba kosa lile nililifanya mimi kwa kuwatii wao. Akaniacha nimalize.

"Nakijua kigingi hicho, nimekipita kila mwaka," akasema. "Nilinyamaza kwa ajili yako. Sasa chora."

Nikapasua boksi la viungio vya mipira, nikachora kwa kalamu ya kuwekea alama mabomba: ndiva, kigingi, njia ya mkono wa kushoto, mwamba wenye ufa, banio. Chini nikaandika kwamba niliwadanganya wapima, na nikaweka jina langu. Nikaipiga picha ramani hiyo, nikamtumia mama, nikamwambia awaonyeshe maofisa mbele ya watu. Wazee wanaweza kuniona msaliti. Waone.

Arbab akapita na gari, akashusha kioo. "Yalla," akasema, haya, kazini. Nikapiga magoti tena. Maji yalikuwa yametapakaa hadi barabarani, magari yanayakanyaga. Maofisa wanakuja Jumatatu. Zamu ya mama ni Ijumaa hii, kabla hawajafika.