Ndizi na Karanga za Mama Mdogo

Juzi nilichelewa kuamka. Unajua mvua ya alfajiri inavyokuwa huku Nyanga, Bukoba, inagonga bati taratibu mpaka usingizi unakuwa mtamu kuliko wakati wowote. Nilipoingia jikoni muda wa kupika chai ulikuwa umeshapita. Kulikuwa na ndizi mbivu zilizoanza kupata madoa meusi, kipande cha papai, maziwa yaliyobaki jana na kopo la siagi ya karanga. Nikamenya ndizi, nikazikatia ndani ya blenda pamoja na papai, nikatia kijiko kilichojaa cha siagi, nikamimina maziwa, nikabonyeza. Hata viatu sijavaa, kinywaji kikawa tayari.

Nilipofungua kifuniko, harufu ikanijia usoni. Ndizi iliyoiva sana na karanga iliyokaangwa, zimekutana kwenye maziwa. Wewe unanifahamu, mimi si mtu wa kulia ovyo. Lakini nilivuta stuli nikakaa, glasi mkononi, na kwa muda sikuweza kunywa wala kuiweka chini.

Mara ya kwanza kuinusa harufu ile nilikuwa darasa la tatu, nikiishi kwa bibi mzaa mama kule Buganguzi. Wazazi wangu walikuwa Kishanda, na bibi alikuwa ameomba apewe mjukuu wa kumchangamsha. Nyumba yake ilikuwa katikati ya kibanja, migomba imeizunguka pande zote, mibuni chini yake. Ndani tulitandika nyasi laini, na kila nyasi mpya zilipoletwa nyumba nzima ilinukia. Mgeni akija ulimsikia kabla hujamwona, kwa sababu miguu yake ilikuwa ikikanyaga majani makavu ya migomba. Bibi akisikia hivyo alinituma kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, maana mgeni hakaribishwi kwa mikono mitupu.

Mama mdogo, yaani mdogo wake mama yangu, alikuwa fundi cherehani mjini Bukoba. Ndiye aliyenishonea gauni langu la Komunio ya Kwanza, lenye mikono iliyovimba kama vitumbua. Alikuwa mtu wa kucheka. Akifika likizo ya Krismasi, kicheko chake kilikuwa kikisikika mpaka kwa majirani, na bibi alikuwa akijifanya kumkemea, "We mtoto, utaamsha ng'ombe wa watu!"

Safari hiyo hakuja Krismasi. Alikuja katikati ya msimu wa mvua, ameshikwa mkono na mwanamke aliyesafiri naye kwenye basi, shuka limefungwa mabegani. Nilikimbia kumpokea, kisha nikasimama. Nguo ilikuwa yake, macho yalikuwa yake, lakini mwili ndani ya nguo sikuufahamu. Bibi alimwangalia mlangoni, akasema kwa Kihaya, "Karibu nyumbani, mwanangu," kana kwamba ametoka kisimani. Halafu akaenda nyuma ya nyumba. Nilimkuta amesimama, kanga imeziba mdomo.

Ugonjwa huo hapakuwa na mtu aliyeutaja jina. Siku hizo ulikuwa umepita nyumba nyingi za Kagera, na watu walizoea kuuzunguka kwa maneno. Wengine walisema karogwa, wengine walitikisa kichwa tu. Mama mdogo alikuwa na vidonda kooni. Ndizi za kupika zilimchoma, maharage hayakupita, hata chai ilimtoa machozi. Bibi alijaribu hiki na kile, mpaka siku moja akaketi barazani, akafikiri, akaniambia nilete karanga.

Alizikaanga kwenye chungu kilichovunjika mdomo, akizigeuza kwa kijiti, mpaka ngozi zikaanza kupasuka. Kazi yangu ilikuwa kuzisugua na kuzipepeta kwenye ungo. Ngozi nyekundu ziliruka, kuku wakazifukuzia wakidhani ni chakula. Kisha bibi alipiga magoti mbele ya jiwe la kusagia, akasaga, akarudia, akarudia tena, mpaka unga ukalainika ukawa kama udongo uliolowa, mafuta yaking'aa juu yake. Alichukua kanana, zile ndizi ndogo tamu zilizoiva hadi zinapasuka zenyewe, akaziponda kwa mwiko. Akachanganya na maziwa yaliyochemshwa yakapoa. Akachuja kwa kitambaa, ili isibaki punje moja ya kumkwaruza mwanawe.

Mama mdogo alikunywa. Tulimwangalia koo. Kinywaji kikapita.

"Mae," alimwambia bibi, yaani mama, "unataka kuninenepesha uniuze wapi?"

Bibi alicheka mpaka akajishika kiuno. Nami nilicheka. Siku hiyo niliamini amepona.

Ikawa ndiyo kazi yetu kila jioni nikitoka shule. Mimi karanga, bibi jiwe. Maziwa tuliletewa na jirani yetu, mama mmoja Mlutheri aliyekuwa na ng'ombe. Sisi tulikuwa Wakatoliki, na Jumapili kila mtu alishika njia yake, lakini katikati ya wiki hapakuwa na mpaka kati ya kibanja chake na chetu. Bibi alitaka kumpa kahawa kwa malipo ya maziwa, akakataa. "Waitu, maziwa ya mgonjwa hayauzwi," alisema, kwa lile neno letu la kumwita mtu ndugu.

Wageni wengine walipungua. Mwanzoni sikuelewa. Nilikuwa nikisikia majani makavu, nikakimbilia kikapu cha kahawa, kumbe aliyepita anakwenda kwake. Kikapu kilikaa kimejaa. Waliokuja walisimama uani, wakauliza hali kwa sauti kubwa, na wakipewa maji walisema wametoka kunywa. Shuleni msichana niliyekaa naye alihama dawati. Mwalimu alikuja akaketi pale palipobaki wazi, akasahihisha madaftari yetu hapo hapo mpaka kengele ikalia. Sijamsahau.

Tulidhani mama mdogo haoni. Lakini mtu aliyelala mchana kutwa husikia kila kitu. Jioni moja jirani alikuwa amekuja na maziwa yake, bibi amemaliza kuchuja, kikombe cha bati kimejaa. Mama mdogo akageuza uso ukutani.

"Sitaki."

"Kunywa kidogo tu, mwanangu."

"Nimeona mnavyokitenga kikombe hiki watu wakija. Nimekuwa sumu. Niacheni."

Si bibi aliyekitenga. Walikitenga wageni, wale wachache waliokubali kinywaji, wakiuliza kwanza, "Hiki si kile cha mgonjwa?" Bibi alitaka kusema hivyo, akaishia kumsogezea kikombe. Kinywaji kidogo kikamwagika kwenye nyasi.

Jirani alikuwa amesimama mlangoni. Akaingia, akaketi ukingoni mwa kitanda, akachukua kikombe mkononi mwa bibi. Alikuwa mwanamke mnene, asiyependa haraka. Alikunywa funda moja kubwa, akafuta mdomo kwa kiganja.

"Karanga zimekolea," alisema. "Haya, zamu yako. Ukichelewa namaliza."

Mama mdogo aligeuka kutoka ukutani. Kisha akanyoosha mkono akapokea. Walikunywa wakipokezana, kama wasichana wawili wanaoiba rubisi, ile pombe ya ndizi, ya baba yao. Kilipoisha, mama mdogo alilia kwa sauti, kilio cha mtu mwenye nguvu, na jirani alimshika kichwa akakiweka kifuani kwake, akawa anamtikisa polepole akisema, "Pole waitu. Pole. Tupo."

Tangu jioni ile hakukataa tena. Lakini mwili ulikuwa umeshaamua. Kwanza alikunywa kikombe, baadaye nusu, baadaye vijiko. Alikufa asubuhi moja nikiwa shuleni. Nilipokaribia nyumbani nilisikia majani makavu yakilia kila upande, watu wengi wanakuja, wote wale waliokuwa wakipita. Bibi hakumfukuza mtu. "Aliyechelewa naye kafika," alisema, akaagiza kahawa zizungushwe.

Jioni baada ya matanga nilimkuta kwenye jiwe, anasaga karanga. Nilikaa chini nikachukua ungo nikapepeta. Alipomaliza aliuangalia ule unga, akauangalia, kisha akauchanganya na ndizi na maziwa kama kawaida, akaniambia, "Kunywa wewe, mjukuu wangu." Nikanywa chote.

Bibi na jirani wote wamekwisha kwenda, kila mmoja kwa uzee wake. Mwaka jana nilifika Buganguzi. Mnyauko umekula migomba ya bibi. Zile kanana zilikuwa za kwanza kufa. Mjomba aling'oa mashina akapanda mahindi, na sasa ukiwa barabarani unaiona nyumba yote, na kaburi la mama mdogo pembeni yake, limechomwa na jua ambalo zamani halikuwa likifika pale. Mgeni anaweza kukutokea mlangoni bila kishindo chochote.

Mama mdogo alipokwisha kuzikwa, ndipo zikaja dawa za ugonjwa ule. Nawajua wanawake hapa mjini wanaozimeza kila siku, wanalima, wanabishana na waume zao, wanacheza ngoma kwenye harusi za watoto wao. Mimi hufurahi nao, Mungu anajua. Ila nikirudi nyumbani huwa najiuliza, kwa nini hazikuwahi kidogo tu.

Nimejaribu kukumbuka kicheko chake nimeshindwa. Nakumbuka kwamba kilisikika mbali, chenyewe sikisikii. Na nikimwona ndotoni hajaongezeka umri hata wa siku moja. Msichana mwembamba, shuka mabegani, uso laini. Mimi nina mvi, magoti yananiuma. Naamka nikitaka kumwita mama mdogo, na ninaona kwamba kwa umri ule aliokufa nao, leo ningeweza kumzaa.