Hakuna Askari kwenye Lori la Dawa

Kabla ya vita alikuwa akifundisha hesabu. Shule yake ilipogeuzwa makazi ya waliokimbia makwao, shirika la misaada likamwajiri kwa kazi ambayo hata kuieleza kwa majirani ilimpa taabu: kuongea na wenye bunduki ili malori ya dawa yapite salama. Watu waliendelea kumwita Mwalimu.

Kila asubuhi alikwenda kambi ya jeshi, kwenye chumba kilichokuwa stoo ya mbegu, akamweleza Meja malori yatapita wapi na saa ngapi. Akitoka hapo, aliwapigia simu waasi wa ng'ambo ya daraja, akawaambia yaleyale, neno kwa neno.

"Nikupe vijana wangu wapande lori la mbele," Meja alimwambia siku moja. "Barabara imechafuka."

"Ahsante, Meja. Ila wakishapanda, hizo si dawa za wagonjwa tena. Ni mali ya jeshi."

"Una kichwa kigumu wewe!"

"Nimefundisha desimali miaka yote hiyo. Kichwa laini kingeshapasuka."

Meja alicheka, akaachana na jambo hilo.

Siku hiyohiyo, kwenye kizuizi cha mwisho cha jeshi, Mwalimu alimkuta mwanawe wa pekee. Alikuwa koplo, amehamishiwa hapo karibuni. Mkewe alikuwa ng'ambo. Vita vilimkuta huko alipokwenda kuwasalimu wazazi wake, na njia ikafungwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo?"

Koplo alimvuta mama yake kando ya lori. "Amejifungua. Mtoto wa kike. Wako hospitali hiyohiyo mnayopeleka dawa. Nipandishe, mama. Navua gwanda, bunduki naiacha hapa, nalala katikati ya maboksi. Kesho narudi nanyi."

Mwalimu alitazama mikono ya mwanawe. Kucha zilikuwa zimetafunwa, kama alivyozitafuna utotoni kila alipoumwa.

"Haiwezekani, baba."

"Mimi ni mwanao!"

"Najua nilikuzaa. Wakikukuta humu watakuua, na dereva wangu pia. Na baada ya hapo hakuna lori litakalovuka tena. Huyo mtoto wako atatibiwa na nini?"

Koplo akageuka, akawainulia chuma cha kizuizi wapite, bila kumtazama mama yake.

Ng'ambo, waasi waliwashusha wote. Walitoboa magunia ya unga wa lishe, wakapekua maboksi ya dripu, wakachungulia hadi chini ya kiti cha dereva. Hawakukuta kitu. Mkubwa wao akapunga mkono wapite. Dereva alishusha pumzi, akamshukuru Mungu kwa sauti. Mwalimu alijua amefanya sawa, na moyo ulimuuma vilevile.

Hospitalini alimpakata mjukuu wake. Mkwe akauliza, "Mume wangu mmemwona?"

"Nimemwona. Mzima. Alitaka kuja, nikamkatalia."

Mkwe akanyoosha mikono, akamchukua mtoto wake.

Mapigano yaliposimamishwa na njia kufunguliwa, mtoto alikuwa tayari anakaa mwenyewe. Koplo alipata likizo, akaja nyumbani kwa mama yake, mahali walipofikia mkewe na mwanawe. Mtoto alimwona akaangua kilio. Koplo akatoka nje, akakaa kando ya ukuta akipiga buti zake brashi ingawa zilikuwa safi. Siku mbili nzima salamu tu ndiyo iliyopita kati yake na mama yake.

Siku ya tatu, mezani, akauliza, "Wale jamaa walipekua kweli siku ile?"

"Walitoboa mpaka magunia."

Koplo aliisukuma sahani yake kando kidogo. Chakula kilikuwa kinapoa.

"Ungejua hawatapekua, ungenipandisha?"

"Hapana," mama yake akasema. "Nisingekupandisha. Lori likibeba askari, si la wagonjwa tena."

Koplo aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa jibu alilolitarajia, akavuta sahani na kuanza kula.