Mama Mkwe wa Kwenye Filamu

"Na mimi nataka kuiona hiyo filamu," alisema Bibi Ininahazwe. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, na wala hakuinua macho.

Immakulata alikuwa ameinama anapuliza moto. Aliendelea kupuliza ingawa moto ulikuwa umeshawaka.

"Ipi, Mama?"

"Kwani ziko ngapi? Hiyo uliyoigiza wewe. Jana baada ya misa mtu mzima na heshima zake ananiuliza, mkweo tumemwona kwenye kioo, wewe umemwonaje? Nikabaki nacheka kama mtu asiyesikia vizuri."

"Nitaulizia, Mama. Nasikia flashi yake imeharibika."

Flashi haikuwa imeharibika. Ilikuwa kwa Saady, mwenye duka la nguo na kibanda umiza cha kuonyeshea filamu nyuma ya duka, na Saady alikuwa ameshatangaza kwa spika kwamba Jumapili mchana anaionyesha tena.

Sasa, Immakulata si mwigizaji. Ni muuza dagaa wa sokoni Kasulu, mzaliwa wa Titye, mama wa watoto watatu, mtu ambaye ukimsalimia anakupigia vile vikofi vya salamu za Kiha hata kama mikono inanuka samaki. Filamu ilimkuta mezani kwake. Kijana mmoja anaitwa Abdalah, anayepiga video za harusi, alikuwa amekusanya kikundi, akasema na sisi huku tutoe yetu, siyo kila siku kuangalia za Dar. Mama aliyepangwa kuigiza mama mkwe akapata msiba Kumsenga, akaenda, asirudi. Abdalah akiwa kwenye kununua dagaa, akamkuta Immakulata anajibizana na mteja aliyekuwa anachagua dagaa mmoja mmoja kama anachagua mchumba. Akasimama, akasikiliza mpaka mwisho.

"Mama Claudine, Jumamosi una nafasi?"

"Ya kufanya nini?"

"Ya kumchukia mtu kidogo."

Alidhani ni utani, lakini akaenda. Huko hakukuwa na karatasi ya maneno. Abdalah alikuwa anakupa habari tu, maneno unatafuta mwenyewe. "Wewe una mtoto mmoja wa kiume. Ameoa bila kukuuliza. Huyu hapa mkweo, ameleta ugali. Haya, anza."

Mkwe mwenyewe alikuwa Nadège, binti wa Kikongo kutoka kambi ya Nyarugusu, anayeuza vitenge. Immakulata alikuwa amejiandaa kufoka na kutoa macho kama wanavyofanya wabaya wa kwenye filamu. Alipofungua mdomo, sauti ikatoka ya chini, ya taratibu. Akachukua kigoda ambacho Nadège alikuwa ameshakifuta, akakifuta upya kwa pindo la kitenge, ndipo akakaa. Akaugusa ugali kwa kidole kimoja.

"Kwenu mnakula uji mnauita ugali?"

Kisha akamgeukia yule aliyeigiza mwanawe, akamtazama juu mpaka chini. "Mwanangu alikuwa na mwili. Sasa imebaki suruali inatembea."

Nadège alilia na hakuna aliyekuwa amemwambia alie. Kamera ilipozimwa akajifuta, akasema, "Maman, uliniogopeshaka kweli." Watu wakacheka. Immakulata hakucheka, maana alikuwa ameisikia ile sauti na kuijua. Yale maneno yote, na kile kigoda, vilikuwa vya Bibi Ininahazwe, mama wa mume wake.

Ndivyo alivyopokelewa alipoolewa. Miaka ile ilikuwa michungu, hata ilifika mahali akabeba mtoto akarudi kwao Titye, akakaa msimu mzima wa kilimo, mpaka mume wake Ndayikunda alipokwenda kumbembeleza. Halafu yakapungua. Ukimwuliza yalipunguaje hawezi kukuambia. Hakuna aliyeomba radhi. Siku moja tu mama mkwe alimsogezea kipande kikubwa cha samaki wa mgebuka, akatazama pembeni, na yeye akala, basi. Siku hizi Bibi ndiye anayebaki na watoto Immakulata akiwa sokoni, na mdogo halali mpaka mgongo wake upapaswe na Bibi.

Lakini Bibi Ininahazwe akinuna hapigi kelele. Anafunga mizigo. Ana binti yake Kibondo, na aliwahi kwenda huko kwa neno dogo kuliko hili, akakaa mpaka watoto wakaanza kumsahau jina. Kwa umri wake wa sasa, na magoti yale, akienda tena harudi. Na safari hii angeondoka akijua kwamba mkwe wake amemtia kwenye kioo mji mzima umcheke.

Jioni Immakulata alimpigia Ndayikunda, aliyekuwa Mabamba ananunua maharage ya kuuza.

"Mama anataka kuiona filamu."

"Yale ya suruali uliyasema?"

"Niliyasema."

"Na ya uji?"

"Yote, Baba Claudine. Yalitoka yenyewe."

Akasikia mume wake anacheka, halafu anajikohoza ili aonekane hakucheka. "Mwambie mwenyewe kabla hajaona," akasema. "Au muombe Saady asiionyeshe."

Alikwenda kumwomba Saady. Saady ni mtu wa maneno laini, babu zake walitoka pwani, lakini biashara ni biashara.

"Dada yangu, hiyo siwezi kuitoa. Unajua kwa nini watu wanairudia? Kwenye hizi zingine mbaya ni mbaya, mwema ni mwema, wanatukana kioo wanakwenda zao. Kwako wewe wanatukana, wanatukana, wakifika pale mwisho wananyamaza. Hawajui tena wamchukie nani. Sasa mtu akitoka hapo lazima arudi aangalie vizuri."

Na kweli, pale sokoni kila mtu alikuwa na wa kwake. Mwanamke anayeuza ndizi alisema yule ni mama yake wa kambo mtupu. Fundi cherehani akasema hapana, yule ni tajiri aliyemfundisha kazi. Mwalimu mmoja alinunua dagaa wake, akasubiri watu wapungue, akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nilijiona mwenyewe, siku ninazorudi nyumbani nimechoka." Akaondoka haraka kama aliyekopa.

Huo mwisho nao una habari yake. Abdalah alitaka mama mkwe apigwe na radi. Alisema watazamaji wanapenda ubaya ulipwe. Immakulata, ambaye siku zote alikuwa anafuata anavyoambiwa, siku hiyo alikataa. "Sijamwona wa namna hiyo akapigwa na radi," alisema. "Wanabaki tu nyumbani." Basi wakampiga picha akibaki nyumbani. Mwana na mkwe wameshaondoka. Mama mkwe anasonga ugali, anapakua, anaita jina la yule binti aje wale, na hakuna anayeitika. Anakaa anautazama ugali mpaka unapoa. Immakulata hakujua kipande hicho amekitoa wapi. Kilikuja wakati ameshika mwiko.

Jumapili ikafika na hajasema. Alijaribu wakati wa chai, akaishia kuuliza kama sukari inatosha. Bibi Ininahazwe alivaa kitenge chake cha kanisani, akatangulia njiani.

Kwa Saady madirisha yalikuwa yamezibwa kwa nguo nyeusi, mchana ukawa giza la kuchomwachomwa na matundu ya bati. Watu walimwachia Bibi benchi la mbele. "Karibu, mama wa nyota," kijana mmoja alimtania, na Bibi akamjibu, "Nyota anaosha sufuria kama wenzake." Immakulata alikaa nyuma yake, macho yake hayakwenda kwenye kioo hata kidogo. Alikuwa anatazama kilemba cha mama mkwe wake.

Kigoda kikafutwa. Kilemba hakikutikisika. Ugali ukaguswa kwa kidole, yale ya uji yakasemwa, watu wakapiga mayowe, "Muone huyo, muone." Mabega ya Bibi yakaanza kutetemeka. Immakulata alishika ukingo wa benchi. Ilipofika suruali inayotembea, Bibi alijipiga paja, na hapo Immakulata akaelewa kwamba halii, anacheka. Alikuwa anacheka mpaka anakosa pumzi.

Kisha ukafika ule mwisho, kibanda kikanyamaza kama kawaida yake, na Bibi naye akanyamaza.

Walitoka kwenye jua wakifumba macho. Bibi ndiye aliyeanza kusema.

"Nani alikusimulia habari za mama mkwe wangu?"

Immakulata akapunguza mwendo.

"Mama yake mzee wangu, Mungu amrehemu. Ndiye yule yule. Anafuta kigoda ulichofuta. Na ya suruali, hayo alinisemea mbele ya wageni, nikaenda kulia migombani. Ulimjuaje wakati ulikuta ameshakufa?"

"Sikumjua, Mama."

"Basi umempata." Akacheka tena kidogo, akajifuta jicho kwa mkono. Wakapita mtaro, Immakulata akamshika kiwiko. Upande wa pili Bibi hakuutoa mkono.

"Ila pale mwisho si yeye," akasema. "Yule alikuwa na wakwe watano na wajukuu tele, hakuwahi kula peke yake mpaka anakufa. Pale ni mimi."

"Mama..."

"Ule msimu uliorudi kwenu. Ndayikunda alikuwa halali nyumbani, alikuwa ananikwepa. Mimi nasonga ugali wa watu wawili, nakuita, halafu nakumbuka hupo. Nikawapa kuku. Sijamwambia mtu, hata binti yangu. Wewe ulionea wapi?"

"Sikuona. Nilikuwa nimeshika mwiko tu, nikaona ndivyo itakavyokuwa."

Bibi Ininahazwe alisimama. Alimtazama mkwe wake kwa muda, kama anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe akasahau alikiweka wapi.

"Na yale ya mwanzo," akasema polepole, "ya uji na nini. Huenda mengine na mimi niliyasema."

"Huenda, Mama."

"Uliyasikia?"

"Niliyasikia."

"Mm."

Akaanza kutembea tena, akiuegemea mkono wa Immakulata zaidi kuliko mwanzo. Walipokaribia nyumbani, alianza kulalamika kuhusu mabenchi ya Saady, kwamba yule mtu anauza nguo nzuri na kukalisha watu kwenye mbao zenye misumari, na kwamba Abdalah angeuonyesha ugali kwa karibu zaidi, maana haukuwa mbaya kiasi kile.

Ndayikunda alipiga simu jua linashuka. Hakusalimia vizuri.

"Mama yuko wapi?"

"Yuko nje. Anamsuka Claudine."

"Hajafunga mizigo?"

"Hajafunga. Anasema Jumapili ijayo anarudi kuangalia tena, na jirani."

Alimsikia akishusha pumzi huko Mabamba, pumzi ndefu ya mwanaume aliyekuwa amejiandaa kukatisha safari. Immakulata naye akakaa kizingitini na kuvua viatu. Nje Bibi alikuwa anamwambia Claudine atulize kichwa, la sivyo nywele zitakwenda upande.