Ng'ombe Walioitwa Wavivu

Iko Jumapili moja ambayo moyo wangu haujakubali kuiachia, mwanangu. Nilikuwa mke mchanga, nimeolewa Manga, nami nilikuwa nimekuja kwetu Ikonge kumsalimia mama. Mtoto wangu wa kwanza alikuwa mgongoni. Kitambaa cha kichwa nilikuwa nimekifunga chini kupita desturi, kikafunika shavu la kushoto. Mama alikitazama kitambaa kile, akaelewa, akaendelea kumenya ndizi.

Ndugu yangu Ombati alikuwa nyumbani kwa likizo. Ndiye aliyekuwa wa kwanza katika mlango wetu kuingia chuo kikuu, na alisomea mambo ya fedha kama wewe. Mwalimu wao alikuwa amewapa kazi: kila mmoja atafute mteja wa kweli, akae naye, amtengenezee mpango wa fedha, kisha aulete darasani usahihishwe. Wenzake waliwaendea wenye maduka mjini Kisii. Ombati alimchagua mama yetu, mjane mwenye majani chai kidogo, migomba, na ng'ombe watano wa kienyeji.

Nikuambie kabla sijaendelea: sisemi haya ili kukukatisha tamaa ya kusoma. Juzi wanafunzi kama wewe walikuja kanisani kwetu Nyamira baada ya ibada ya Sabato, kompyuta mikononi, wakitafuta watu wa kufanyia mazoezi hayo hayo. Niliwapenda. Mmoja alinikalisha akaniuliza maswali kwa adabu, na nilipofika nyumbani nilikosa usingizi. Ndiyo maana nakuandikia wewe unayesomea kazi hiyo, ingawa hatujuani.

Basi Ombati aliketi mbele ya mama na karatasi zake. Alitueleza kwamba darasani hujifunza kwa kuigiza, mmoja anakuwa mshauri na mwenzake anakuwa mteja. Kwanza unauliza mteja ana nini. Halafu anapata nini, anatumia nini, anataka nini na kufikia lini. Kisha kila mali aliyo nayo inaulizwa inaleta faida gani.

"Mwalimu wetu husema mali isiyozaa ni mgeni asiyeaga," alisema. "Sasa mama, tuje kwa hizi ng'ombe. Maziwa yao hayajazi hata kikombe cha kasisi."

"Hizo ziache," mama alisema.

"Niache aje, na zinakula kila siku? Zinafanya kazi gani?"

"Zina kazi."

"Kazi ya kutazama barabara!" Ombati alicheka, nami nikacheka kidogo, maana alikuwa mcheshi na tulimpenda. "Mama, mteja akijibu hivyo, sisi huandika kwamba hana sababu."

Akaandika. Mama akanitazama mimi, kisha akatazama ndizi zake.

Labda wewe umezaliwa mjini na hujui, basi nikufungulie. Ng'ombe wale walikuwa mahari yangu. Kwetu Gusii, mahari ya binti huingia kwa mama yake, na ndugu wa tumbo moja ndiye atakayeoa kwa ng'ombe hao. Hilo Ombati alilijua vizuri, hata akawaona kama wake tayari, na kama ni wake, nani amzuie kuwauza? Lakini wana kazi nyingine, isiyosemwa hadharani. Wakiwa bado zizini, binti ndoa ikimshinda ana pa kurudi. Wakwe wakija kudai, wanapewa ng'ombe wao, wanaondoka, na binti anabaki kwao. Wakishatoka zizini, hana mlango.

Utaniuliza kwa nini mama hakusema. Mwanangu, kwetu mama hakai na mwanawe wa kiume akamweleza yanayotokea chumbani kwa dada yake. Ni aibu kubwa, na wazee wangemlaumu. Tena Ombati hasira zake zilikuwa karibu. Angejua, angepanda Manga na panga, na mama angekuwa na mwana gerezani na binti mjane. Kwa hiyo alisema neno moja tu, "zina kazi," akatumaini kwamba msomi wake atalisikia. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, lakini kata haina mdomo.

Mpango ukaandikwa. Wala sitakudanganya kwamba ulikuwa mbaya. Ng'ombe wauzwe, inunuliwe miche ya chai ipandwe kule chini palipokuwa na nyasi, liwekwe tangi la maji, kinachobaki kisaidie karo. Baba mdogo Nyandika, aliyesimamia boma letu tangu baba afariki, aliusoma mara mbili akasema kijana ana akili. Mama, mwanamke peke yake mbele ya wanaume wawili na karatasi, aliitikia kwa kichwa. Ng'ombe wakaenda sokoni. Nami nikarudi Manga.

Mvua mbili zilipita. Usiku mmoja mume wangu alinipiga mpaka sikio la kushoto likaacha kusikia, na halijasikia tena hadi leo. Kulipopambazuka nilimfunga mtoto mgongoni nikaenda kwetu, nikiwa nimeamua kutorudi.

Hawakukawia. Baba mkwe alikuja na wazee wake, wakaketi uani kwa adabu, wakanywa chai. Hakuna aliyepaza sauti. Baba mkwe alisema, "Hatukuja kugombana. Binti yenu amechoka, na kuchoka ni kwa binadamu. Tupeni ng'ombe wetu, nanyi mkae na mtoto wenu."

Baba mdogo alitazama zizi lililokuwa tupu.

"Nipeni msimu," mama akasema. "Chai ikianza kuchumwa nitawanunua mmoja mmoja."

"Mama, sisi tulileta ng'ombe," mzee mmoja akajibu. "Hatukuleta miche."

Palikuwa na kicheko kidogo. Nakisikia kicheko hicho kwa sikio lililobaki.

Miche ilikuwa imefika magotini. Ilikuwa mizuri, imepandwa kwa mistari kama mpango ulivyosema. Lakini mche wa chai haung'olewi ukageuka ng'ombe, na tangi halitembei kwa miguu kurudi sokoni. Jioni hiyo nilirudishwa Manga nikitembea nyuma ya baba mkwe. Mama alinisindikiza mpaka njia panda. Alitaka kuniombea akashindwa, akasema tu, "Mwambie Mungu wewe mwenyewe. Mimi leo sina cha kumwambia."

Mama alikuja kunisimulia yaliyofuata. Ombati alipokuja likizo, alimletea mpango wake uliosahihishwa, ambao mwalimu alikuwa ameuweka muda wote huo. Ulikuwa wa kwanza darasani, na mwalimu alikuwa ameusoma mbele ya wenzake wote kama mfano. Mama aliushika, akaurudisha.

"Hizi alama ni za ng'ombe," alimwambia. "Za dada yako ziko wapi?" Kisha akamweleza yote, aibu ikiwa imekwisha thamani.

"Mama, kwa nini hukuniambia?" Ombati alilia.

"Uliniuliza zina kazi gani. Nilikujibu zina kazi. Ukacheka, baba, ukaandika."

Ombati hakwenda Manga na panga. Labda chuo kilikuwa kimempoza, labda ni aibu. Alimaliza masomo, akapata kazi, na alichofanya na mishahara yake ya kwanza ni kununua ng'ombe. Alipowapata wote aliwaswaga mwenyewe hadi Manga, suti amevaa, viatu vimejaa tope, akasimama nje ya nyumba yangu. "Dada, twende," akasema.

Nilikuwa na watoto wanne wakati huo. Ng'ombe wakirudi, mke anarudi kwao, lakini watoto ni wa boma la baba yao. Nilimtazama mwanangu wa mwisho akichezea mkia wa ng'ombe mmoja, akifurahi kwamba mjomba ameleta wanyama. Nikamwambia Ombati, "Warudishe. Ulichelewa watoto watatu." Akawarudisha. Tuliendelea kupendana, na alinisomeshea wanangu wote. Lakini tangu siku hiyo ucheshi wake sikuuona tena.

Mume wangu alishalala kaburini. Nilimsamehe, na kazi ya kusamehe ilinichukua muda mrefu kuliko ndoa yenyewe. Mungu alinihifadhi, namshukuru kwa uzima na kwa watoto. Chai ile bado inachumwa, tena inalipa vizuri. Siinywi kwa furaha.

Sasa nasaha yangu ni hii. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wewe umesomea kupanga vitanda vya watu. Yule mwenzako anayejifanya mteja darasani ana majibu yote, maana hana cha kuficha. Mteja wa kweli atakujibu nusu. Akikuambia "hii iache," usiandike kwamba hana sababu. Weka kalamu chini. Rudi siku nyingine, ukae naye bila mwanawe, bila shemeji, bila mwenye boma, umsaidie kazi aliyo nayo mkononi, ndipo umuulize: hiki kikiondoka, ni nani atakayebaki nje? Akinyamaza tena, kiache kitu hicho mahali kilipo, hata kama mpango wako utaonekana na tundu na mwalimu akakupunguzia alama. Alama utazitafuta tena muhula ujao. Na usimfanye mama yako kuwa mteja wako. Mama hukubali mengi kwa sababu tu anakupenda.

Enenda basi, mwanangu, ukasome kwa bidii. Bwana akupe masikio mawili na subira ya kuyatumia. Akuepushe na sifa iliyonunuliwa kwa machozi ya mtu usiyemwona. Na kila nyumba utakayoipangia, binti wa nyumba hiyo akigonga usiku, apate wa kumfungulia. Amina.