Meno Mawili ya Akoru

Atabo, msuka vikapu wa Kakuma, hakuwa mtu wa kuomba msamaha. Alikuwa mama wa mtoto mmoja tu, Akoru. Ukikaa karibu na msichana huyo ulisikia kifua chake kikigonga ka, ka, ka kama saa, kwa kuwa mwaka wa 1993 madaktari wa Nairobi walimtoa kilango kibovu cha moyo wakamtilia cha chuma.

Siku ya kumruhusu waliagiza: jino bovu lisiguswe kabla hajapewa dawa. Atabo aliitikia.

Miaka mitatu baadaye Akoru akapata mchumba, mtu wa Lopur. Kwa desturi ya Waturkana, msichana wa kuolewa huwa amekwisha kung'olewa meno mawili ya mbele ya chini. Dada za mchumba walimchungulia Akoru mdomoni, wakacheka.

"Ala! Mnatuozesha punda? Meno ya chini yote yamo!"

Aibu ile haikumezeka. Kesho yake Atabo alimwita mzee mng'oa meno, akamshika binti kichwa kwa mikono yake mwenyewe. Meno mawili ya mbele yakatoka.

"Sasa hata akifungwa taya na ugonjwa, uji utapita," mzee alisema.

Yalikuwa meupe, mazima. Agizo la Nairobi lilihusu meno mabovu, au sivyo?

Baada ya wiki mbili homa ikamwangusha Akoru. Alifika hospitali ya Lodwar amebebwa.

"Mama, hili pengo ni la lini?" muuguzi Jeptoo aliuliza.

"La utotoni."

"Mbona fizi bado mbichi?"

"Wewe mtu wa milimani, meno ya Waturkana utayajulia wapi?"

Basi wakamtibu malaria siku nne, homa ikazidi. Siku ya tano Akoru alinong'ona, "Mama, waambie. Nimechoka kukufichia."

Atabo akainua kidevu. "Kichwa nilikishika mimi."

Daktari alieleza kwamba vijidudu vya mdomoni vimeingia kwenye damu, vikajishikiza kwenye kile chuma, na kuving'oa pale ni kazi. Penisilini ya mshipa kila baada ya saa nne, na dawa ya pili, jentamaisini, juu yake. Wiki sita, bila kuruka.

Siku ya tisa homa ikashuka. Akoru akatania, "Mchumba akija, mwambie sasa nina matundu hata mikononi."

Wiki ya tano, asubuhi, kikombe kilimponyoka. Mkono wa kulia ukalegea, mdomo ukaenda upande. Donge la vijidudu na damu lilikuwa limebanduka kwenye chuma, likapanda kichwani.

Sindano ziliendelea hadi ya mwisho. Vijidudu vilikwisha. Maneno hayakurudi, wala mchumba.

Huko Kakuma, kila asubuhi, Atabo humwegemeza binti yake kifuani, akamtilia uji polepole kupitia lile pengo. Unapita vizuri. Na chuma kinagonga ubavuni mwa mama, ka, ka, ka.