Daktari wa Meno Ametajwa Bafuni

Sawako Adachi alikuwa akijisugua miguu katika bafu la umma la mtaa wao, upande wa wanawake, mjini Matsue, Japani, aliposikia mke wa muuza samaki akimwambia mwenzake, "Usijisumbue kubahatisha, dada. Muuaji ni yule daktari wa meno."

"Nani kakwambia?"

"Watu wanajua."

Sawako akajimwagia ndoo ya maji kichwani ili asionekane uso. Hadithi waliyokuwa wakiizungumzia ilikuwa yake. Ilitoka kila asubuhi katika gazeti la mkoa, kipande kwa kipande, na gazeti lilikuwa limewaalika wasomaji watume kadi za posta wamtaje muuaji kabla ya sehemu ya mwisho. Na ni kweli, muuaji alikuwa Nagase, daktari wa meno. Lakini hilo hakuwahi kumwambia mtu, wala hakuliandika popote. Alilihifadhi kichwani tu.

Kabla ya kuolewa Sawako aliunganisha simu posta, na huko ndiko alikojifunza kazi yake ya sasa. Aligundua kwamba mtu hupunguza sauti mbele ya mtoto, mbele ya mgeni, hata mbele ya paka, lakini hapunguzi mbele ya mtu asiyemhesabu kuwa ni mtu. Wanaume wa heshima waliwanong'oneza mahawara wao huku yeye ameshika waya. Hadithi yake ya kwanza ilipata tuzo ya jarida moja la akina mama. Zikafuata nyingine fupi fupi, alizoziandika mezani baada ya kuosha vyombo. Hii ya gazetini ndiyo ilikuwa riwaya yake ya kwanza, na wachapishaji wa Tokyo walikuwa wamesema wataifanya kitabu kama itamalizika vizuri.

Kesho yake Bwana Hirabayashi, mhariri wa gazeti, alifika kuchukua kipande cha siku ile. Kama wahariri wote, alikuwa na desturi ya kukaa sebuleni kwa mwandishi na kusubiri hadi wino ukauke. Safari hii hakugusa hata keki.

"Mwalimu," akasema, kwa jina la heshima wanaloitwa waandishi, "kadi zinaingia kwa magunia na zote zinaimba wimbo mmoja. Daktari, daktari, daktari. Mkubwa wangu anasema mmoja wetu amevujisha siri. Akisema 'wetu' ananikazia macho mimi."

"Na wewe unanikazia mimi."

"Mimi naangalia chai yangu, Mwalimu." Akalizungusha bakuli la chai mara mbili. "Ikiendelea hivi atakata hadithi katikati. Na Tokyo watasikia kwa nini."

"Wasomaji wengine wanasemaje?"

"Yupo mwalimu mmoja mstaafu, analalamika kuhusu bibi Toku, yule kikongwe wa hotelini katika hadithi yako. Anasema umetuambia bibi ni kiziwi, lakini aliiepua birika motoni kabla haijafurika, akiwa ameipa mgongo."

"Viziwi ndivyo walivyo. Mimi ninaye mmoja hapo jikoni."

Wote wawili wakatazama mlango wa karatasi. Nyuma yake Mama Kinu, mama mkwe wa Sawako, alikuwa akimenya figili. Alikuwa kiziwi tangu Sawako alipoingia nyumba ile akiwa bibi harusi. Ukimtaka jambo ilibidi umguse bega.

Hirabayashi alipoondoka, Sawako alibaki akilitazama zulia alipokuwa amekaa. Huyu mtu husinzia pale kila siku. Au hujifanya anasinzia? Jioni ikawa zamu ya mumewe, Yoshinobu, karani wa idara ya maji, ambaye Jumamosi hunywa na wenzake mpaka tai inahamia kichwani.

"Hivi mimi huongea usingizini?" akamuuliza.

"Huongei. Unakoroma."

"Sijasema majina?"

"Mke wangu, mtu anayekoroma vile atapata wapi nafasi ya kusema majina?"

Alicheka mapema mno, Sawako akaona. Basi akawategea mtego wote wawili. Alimwambia mumewe, kama siri ya kitandani, kwamba amebadili mawazo, muuaji ni mtawa wa hekalu. Akamwambia Hirabayashi kwamba ni mpwa wa mwenye hoteli. Kisha akawa anakwenda bafuni kila jioni, anakaa ndani ya maji ya moto mpaka vidole vinasinyaa, akisubiri kuona litakaloelea, mtawa au mpwa.

Hakuelea yeyote. Badala yake mke wa muuza samaki akasema, "Namhurumia Ofumi, yule mtumishi. Hamalizi wiki hii, maskini."

Ndani ya maji yale ya moto Sawako akahisi baridi. Kifo cha Ofumi alikuwa amekiamua asubuhi ileile. Hakumwambia mume wala mhariri. Alikuwa amemwambia Ofumi peke yake.

Maana Sawako alikuwa na tabia moja ambayo angeona aibu kuikiri. Kila alipotaka kumuua mtu katika hadithi, alipiga magoti mbele ya kabati dogo la kuwaombea marehemu, lenye picha ya baba mkwe na bakuli lake la wali, akawasha kijiti cha ubani, akagonga kengele, akamtaja mtu huyo kwa jina na kumwomba msamaha. Hata Nagase alikuwa ameshamwomba, kwa kuwa mwishoni angejiua. Alisema kwa sauti. Kwa nini anong'one? Chumba cha pili hamkuwa na mtu. Alikuwamo Mama tu, anamenya figili.

Akakumbuka birika. Hakuibuni. Aliiona jikoni kwake, akainakili bila kuiwazia. Na Mama naye alikwenda bafu lile kila mchana, pamoja na wake wa mtaa.

Hakumuuliza Mama neno. Kesho yake alipiga magoti palepale, akagonga kengele, akasema kwa sauti safi ya posta, "Bwana Nagase, siku yako imekaribia. Nisamehe tena." Bafu zima likapata hakika. Kadi za mwisho zikatumwa, mashindano yakafungwa, na ndipo Sawako akaketi kuandika.

Hirabayashi aliisoma sehemu ya mwisho akiwa amesimama, kiatu kimoja mguuni.

"Bibi Toku! Mwalimu! Ile birika!" Akacheka mpaka akashika nguzo. "Yule mstaafu peke yake ndiye kapatia. Tokyo watakipigania hiki."

Asubuhi sehemu hiyo ilipotoka gazetini, Yoshinobu aliisoma kwa sauti mezani. Bibi aliyejifanya kiziwi miaka yote, akasikia kila siri ya hoteli, akaua kwa alichokisikia, na mwisho akanywa sumu aliyoichanganya kwa mkono wake.

"Kikongwe mbaya huyu!" alisema. "Ulimtoa wapi?"

Mama Kinu alikuwa akichota supu ya kome wadogo wa ziwani. Upawa ulisimama hewani kidogo, kisha ukaendelea. Akaweka bakuli mbele ya mwanawe, na jingine mbele ya Sawako, akilifunika vizuri. Hakuna aliyekuwa amemgusa bega.

"Bibi Toku," akasema, bila kuinua macho, "hukumwomba msamaha."

Yoshinobu akamtazama mama yake, kisha mkewe. "Msamaha gani?"

"Kunywa, mkwe wangu," Mama akasema. "Ingali moto."

Sawako akafunua bakuli. Mvuke ukampanda usoni, una harufu ileile ya kila siku. Akalishika kwa mikono miwili, akasubiri mumewe aanze.